Joto la mwili ni amana: tuitunzeje wakati wa kipupwe?



Ndugu Waislamu, leo tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu hulibeba usiku na mchana bila ya kulitia maanani, nalo ni joto la mwili. Mwanadamu hulikumbuka pale tu baridi inapombana, naye akajikunyata na kutafuta blanketi. Lakini joto hilo lina gharama, na gharama yake hulipwa kwa chakula tunachokula. Asiyejua hesabu hiyo huenda akampoteza mtoto mchanga au mzee wake ndani ya nyumba yenye milango na paa, bila ya kutambua kilichomuua.

Mfano mwema wa jambo hili tunaupata Ndungu, wilayani Same. Ndungu iko bondeni, mita zipatazo 500 juu ya usawa wa bahari, penye mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa maji yashukayo kutoka milimani. Ukiinua macho unaiona safu ya milima ya Upare ya Kusini, ambayo kilele chake kirefu, Shengena, kina mita 2,462. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzijoto 6 hivi kila mtu apandapo mita 1,000. Kwa hiyo anayeondoka Ndungu asubuhi akiwa na shati jepesi, akalala usiku ule katika vijiji vya juu, amebadilisha hali ya hewa kana kwamba amesafiri nchi ya mbali. Juni hadi Agosti, ukungu unapoizingira milima na upepo wa kusi unapovuma, tofauti hiyo huwa kali zaidi.

Wenyeji wanaoshuka gulioni na kupanda tena wanalijua jambo jingine: ukiwa juu njaa huja upesi. Sahani iliyomtosha mtu bondeni haimtoshi mlimani. Wengine hudhani ni uchovu wa kupanda mlima peke yake. Uchovu upo, lakini ipo na sababu nyingine.

Moto usio na moshi

Zamani za kale Upareni palikuwa na wahunzi mashuhuri wa ukoo wa Washana, waliofua chuma kwa moto wa mkaa na mivukuto. Kila mhunzi alijua kwamba mkaa bila ya hewa hauyeyushi kitu. Mivukuto ikinyamaza, moto hufifia.

Mwaka 1783 huko Ufaransa, mwanakemia Antoine Lavoisier na mwenzake Pierre-Simon Laplace walithibitisha kwamba mwili nao uko hivyo hivyo. Walimweka mnyama mdogo ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto lake, kisha wakalinganisha na hewa aliyoitoa kwa kupumua. Wakatambua kwamba kupumua ni namna ya kuungua kwa polepole. Chakula ndicho mkaa, na mapafu ndiyo mivukuto. Tofauti ni kwamba moto huu hauna mwali wala moshi, na unawaka ndani ya kila chembe hai ya mwili.

Moto huu hupimwa kwa kilokalori. Kilokalori moja ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzijoto moja. Mtu mzima aliyetulia tu kitandani hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa moja. Mwenye kilo 60, basi, huunguza kama 1,440 kwa siku hata asipoinua jembe. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kilokalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Kikombe cha wali uliopikwa kina kilokalori zipatazo 200. Kwa hiyo mtu huyu anahitaji kiasi cha vikombe saba vya wali kwa ajili ya kuwa hai tu, kabla ya kazi, kabla ya safari na kabla ya baridi.

Joto linalotoka katika moto huo ndilo linalouweka mwili karibu na nyuzijoto 37. Likishuka chini ya 35, madaktari huhesabu kuwa mtu huyo amepatwa na maradhi ya baridi, na maisha yake yamo hatarini. Tazama, ndugu msomaji, jinsi uwanja wenyewe ulivyo mwembamba: nyuzijoto mbili tu baina ya afya na hatari.

Ngome nne za mwili

Katikati ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, nayo hulinda joto kama mlinzi wa zamu. Inapopata habari kutoka kwenye ngozi kwamba baridi imeingia, huanza kuziamrisha ngome za mwili, moja baada ya nyingine.

Ngome ya kwanza ni kubana matumizi. Mishipa midogo ya damu iliyo kwenye ngozi hujifinya, damu ikarudi ndani kuulinda moyo, ini na ubongo. Ndiyo maana vidole hufa ganzi na mikono ikapoa. Mwili umeamua kuziacha pembe za nyumba zipoe ili chumba cha kati kibaki na joto.

Ngome ya pili ni kusimama kwa vinyweleo. Kwa mbuzi na kondoo, manyoya yakisimama hushika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha baridi. Sisi wanadamu tumepewa manyoya machache, hivyo ngome hii haitufai sana. Badala yake tumepewa akili ya kujifunika. Katika Surat An-Nahl tumekumbushwa neema hizi: wanyama ambao kwao tunapata cha kujitia joto, na mavazi ya kutukinga. An-Nahl maana yake ni nyuki, na nyuki wenyewe ni ushahidi. Mzinga unapopoa, nyuki hutetemesha misuli ya mabawa bila ya kuruka, wakayalinda majana yao katika joto la karibu nyuzi 35. Kuni yao ni asali.

Ngome ya tatu kwetu sisi ni kutetemeka vivyo hivyo. Misuli hujikaza na kulegea upesi upesi bila ya kufanya kazi yoyote ya nje, na nguvu yote hugeuka joto. Kutetemeka kwa nguvu kwaweza kuzidisha joto la mwili hadi kiasi cha mara tano ya lile la mtu aliyetulia. Lakini huunguza akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli kwa kasi kubwa. Akiba ikiisha na sukari ya damu ikashuka, mtu hushindwa kutetemeka. Hapo ndipo tunapata jibu la njaa ya mlimani. Aliyepanda bila ya kula ameingia vitani na mfuko mtupu.

Ngome ya nne ilichelewa kufahamika kwa watu wazima. Ni mafuta ya kahawia, yaliyo mbali na mafuta meupe ya tumboni. Mafuta meupe ni ghala, lakini ya kahawia ni jiko. Ndani yake mna mitokondria nyingi, yaani vinu vya nguvu vya chembe hai, na protini maalumu inayoviruhusu vinu hivyo kuunguza chakula kwa ajili ya joto tu, pasipo kutetemeka. Zamani ilidhaniwa kuwa ni ya watoto wachanga peke yao. Mwaka 2009 watafiti walithibitisha kwamba watu wazima wengi nao wanayo kidogo, hasa shingoni na juu ya mifupa ya mabega.

Wenye akiba ndogo

Sasa tuwatazame wale ambao ngome zao ni dhaifu. Wa kwanza ni mtoto mchanga. Hawezi kutetemeka. Tegemeo lake ni mafuta ya kahawia yaliyo baina ya mabega, shingoni na kandokando ya figo, na aliyezaliwa kabla ya wakati anayo machache mno. Tena, ngozi yake ukilinganisha na uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mtu mzima. Kila mama anajua kwamba tonge la ugali hupoa haraka kuliko ugali uliomo sufuriani. Mtoto ni tonge, na sisi ni sufuria.

Juu ya hayo, huzaliwa akiwa amelowa. Maji yanapokauka juu ya ngozi huchukua joto jingi sana. Robo lita ya maji, kiasi cha glasi moja, ikikauka katika nguo iliyolowa hubeba kilokalori zipatazo 145, na sehemu kubwa hutoka kwa mwenye nguo. Kwa mtu mzima wa kilo 60 hayo ni joto la zaidi ya saa mbili za mapumziko. Kwa mtoto wa kilo 3, hata vijiko vichache ni hasara kubwa.

Kwa hiyo wataalamu wanasisitiza: mtoto akaushwe mara tu azaliwapo, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe, avikwe kofia na anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri asioshwe mpaka zitimie saa 24. Bibi zetu waliozoea kumuogesha mtoto papo hapo walitaka usafi, nasi twawaombea malipo mema, lakini usafi huo unaweza kungoja. Joto haliwezi.

Kuhusu kifua cha mama, daktari Edgar Rey wa Bogotá, Colombia, alianza mwaka 1978 kuwafunga watoto njiti vifuani mwa mama zao kwa sababu hospitali yake ilikuwa na upungufu wa mashine za joto. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12 katika siku 28 za mwanzo. Waliopewa kwanza huduma ya kawaida walifariki asilimia 15.7. Kifua cha mama na kitenge cha kumfungia mtoto vinapatikana katika kila kijiji cha Upare, hata pale umeme unapokatika.

Dalili za hatari kwa mtoto ni miguu na tumbo kuwa baridi, kunyonya kwa udhaifu na kulegea. Mtoto baridi hulia kidogo, na wazazi wakasema ametulia. Huko siko kutulia. Awekwe kifuani na apelekwe zahanati bila ya kungoja asubuhi.

Wa pili ni mzee. Misuli yake imepungua, hutetemeka kidogo, na ngozi yake huchelewa kuhisi baridi. Anaweza kukwambia kwa unyoofu kuwa hasikii baridi, hali mwili wake unapoa. Tumguse tumboni wala tusiridhike na jibu la mdomo. Akianza kuongea kwa kugugumia, kuyumba au kuchanganyikiwa usiku wa baridi, tusiseme ni uzee tu. Na kutetemeka kukikoma ilhali mtu bado ni baridi, hiyo si nafuu, bali ni ngome iliyovunjika. Avuliwe nguo zilizolowa, apashwe joto kifuani na mgongoni, apewe kinywaji cha uvuguvugu chenye sukari ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, kisha apelekwe kwa daktari.

Wa tatu ni mwenye upungufu wa madini ya joto, yaani aidini. Tezi iliyo shingoni ndiyo inayopanga kasi ya moto wa mwili, nayo haifanyi kazi bila ya madini hayo. Ikidhoofika, mtu huona baridi hata mchana. Udongo wa milimani huoshwa na mvua kwa karne nyingi, madini hayo yakapungua, na ndiyo sababu rovu lilienea katika nyanda za juu. Chumvi yenye madini joto, iliyoenezwa nchini tangu miaka ya 1990, ni kinga nyepesi. Mwenye kununua chumvi aiangalie pakiti.

Yanayodhaniwa kuwa joto

Wako wanaosema kwamba pombe huleta joto. Ukweli ni kinyume chake. Pombe huilegeza ile mishipa ya ngozi iliyokuwa imejifinya. Damu yenye joto hukimbilia nje, mnywaji akahisi uso unamwaka, kumbe anaimwaga akiba yake hewani. Tena humpumbaza asijue kwamba anapoa. Aliyelewa akalala njiani katika baridi ya mlima yuko karibu na mauti kuliko mwenye kiu.

Chai ya tangawizi, zao linalostawi sana huko Mamba na Myamba, ni kinywaji chema. Lakini ukali wake hasa ni hisia ya mishipa ya fahamu ya mdomoni na kooni. Kinachoupasha mwili ni maji yake ya moto, na kinachouongezea kuni ni sukari, au maziwa yakitiwa. Tusimnyweshe mtu tangawizi tupu tukadhani amekula. Sahani ya makande, chakula ambacho Wapare hutaniwa nacho kila mahali, humfaa zaidi. Mna wanga na protini ndani yake, huchelewa kumeng'enywa, na kazi yenyewe ya kumeng'enya huzaa joto.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kumbuka mfano wa mivukuto: moto wa ndani unahitaji hewa. Familia inayoingiza jiko chumbani ili ipate joto huuzima moto wa ndani kwa moto wa nje, na hulala isiamke. Mtume (SAW) alikwisha kutukataza kuuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba wakati wa kulala. Jiko litolewe nje, na watu wajikusanye kitanda kimoja, kwa maana mwili hupashwa na mwili.

Maji ya udhu na saumu ya kipupwe

Huenda msomaji akauliza, je, udhu wa alfajiri kwa maji ya mlimani? Fadhila ya kutimiza udhu wakati wa taabu ni kubwa na haina shaka. Lakini hakuna fadhila katika kuyakataa maji ya moto yaliyopo. Yapasha moto maji, tawadha kwa ukamilifu, kisha jikaushe kwa kitambaa. Wanazuoni wengi wamelijuzisha hilo. Swahaba Amr bin Al-As (RA), alipokuwa amiri katika vita vya Dhatus-Salasil mwaka wa 8 Hijria, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akahofia kuangamia iwapo angeoga, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (SAW), hakumlaumu. Kwa hiyo mgonjwa au mzee anayehofia madhara ya kweli, na hana njia ya kupasha maji, asijiangamize.

Vivyo hivyo kwa akika. Kumnyoa mtoto nywele siku ya saba ni sunna. Lakini kichwa cha mtoto ni sehemu kubwa ya mwili wake, na joto hupotea hapo. Anyolewe jua likiwa limepanda, mahali pasipo upepo, na avikwe kofia mara moja.

Ama saumu, wenye umri wanakumbuka kwamba mwaka 2014 hadi 2016 Ramadhani iliangukia Juni na Julai, katikati ya kipupwe, na kwa mzunguko wa takriban miaka 33 itarudi tena. Mfungaji hutumia kwanza sukari iliyowekwa kwenye ini, kisha mafuta. Anayeacha daku mlimani hujipunguzia kuni. Daku ina baraka, na miongoni mwa baraka zake ni hiyo.

Blanketi la jirani

Ndugu zangu, tumeona kwamba joto ni chakula kilichogeuka. Basi mwenye njaa hawezi kuwa na joto, hata ukimpa shuka, na aliyelowa hawezi kuwa na joto, hata ukimpa chakula. Anahitaji vyote viwili: tumbo lililoshiba na nguo kavu. Mtoto wa madrasa anayefika alfajiri akiwa na umande miguuni na hajatia kitu kinywani hawezi kuhifadhi sura, kwani mwili wake umeshughulika na kutetemeka. Uji wa kikombe kimoja kabla ya somo unamsaidia kuliko fimbo.

Tunawanasihi wazee wa misikiti ya bondeni na ya milimani waangalie, kabla Juni haijaingia, ni mjane yupi analalia mkeka, ni mzazi yupi anakaribia kujifungua, na ni mzee yupi anaishi peke yake. Blanketi moja, sweta iliyobana watoto wetu na debe la mahindi ni sadaka zinazoonekana ndogo machoni. Usiku wa manane, ukungu unapokishukia kijiji, hizo ndizo zinazobakiza pumzi ya mtu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuzijua neema zake na kuzitunza, na awahifadhi wadogo wetu na wazee wetu. Amin.